Picha ya bibi ilichakaa kabla ya bango

Mwezi uliopita tulimzika bibi mzaa mama. Usiku wa kuamkia mazishi likaletwa bango kutoka steshenari, nikashindwa kulitazama. Uso wa bibi ulikuwa vigae vigae. Ile mikunjo ya pembeni mwa macho, iliyokuwa ikitujulisha kwamba anakaribia kucheka, ilikuwa imefutika.

Picha ile niliipiga mwenyewe, megapikseli 12, safi kabisa. Nikaituma kwenye kundi la ukoo, kisha nikaifuta simuni kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. Mjomba akaipakua, akaikata pembeni, akampelekea shangazi. Shangazi akaipiga skrinishoti, akaituma tena. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyofika steshenari.

Watu wanasema kupunguza uzito wa picha, yaani ukubwa wa faili lake, ni kuiharibu. Si kweli, na imani hiyo inatugharimu, kwa sababu anayeiamini huacha picha nzito zijaze simu hadi siku ya kuzifuta. Picha huharibika inapopunguzwa mara nyingi na mikono mingi. JPEG, muundo wa kawaida wa kuhifadhi picha tangu 1992, huigawa picha katika vipande vya pikseli (nukta zinazounda picha) 8 kwa 8, na ndani ya kila kipande hutupa yale ambayo jicho haliyashiki vizuri, hasa tofauti ndogo za rangi, maana jicho letu ni kali kwa mwanga kuliko rangi. Ukifanya hivyo mara moja, kwa ubora wa 80 hivi kati ya 100, huoni kilichopotea. Lakini kila anayeikata au kubadili vipimo kisha akaihifadhi upya anatupa tena, kutoka kwenye kilichobaki. Vigae vya usoni mwa bibi ni vipande hivyo hivyo.

Kwa hiyo anza na picha asili, na anza na vipimo. Picha ya 4000 kwa 3000 ina pikseli milioni 12. Ishushe hadi 1600 kwa 1200, zinabaki chini ya milioni 2. Mara nyingi faili hushuka chini ya nusu MB, na kwenye kioo cha simu haina tofauti. Wengi huacha vipimo vile vile wakashusha ubora hadi 20, halafu wanailaumu kamera. Tovuti ya Squoosh, ya kupunguza picha, inakuwekea picha ya kabla na ya baada ubavu kwa ubavu, na kazi yote hufanyika ndani ya kifaa chako.

Ya kuchapisha usiiguse: A4 nzuri inataka pikseli 2480 kwa 3508. Itume kama dokumenti ili isibanwe njiani. Skrinishoti zenye maandishi, hifadhi kwa PNG, muundo usiotupa kitu. WebP, muundo mwingine wa picha, ni nyepesi zaidi, ila si kila mfumo wa kutuma maombi mtandaoni unaipokea.

Nakubali, programu za ujumbe zisingebana picha, bando la mjomba lisingefika jioni. Ila nakala iliyobanwa kwa ajili ya kutazamwa siyo ya kumbukumbu.

Wiki hii nakaa na mama tukipitia picha za simu yake. Asili zinaingia kwenye flashi mbili, moja yake, moja yangu. Ndogo zinabaki simuni. Jana tulikwama kwenye picha ya bibi akichambua mchicha. Mama aliikuza mpaka kwenye kidole gumba, na alama ya kisu ilikuwepo.