Mtoto Akikamatwa na Jeshi: Mambo Huharibika Kabla ya Mahakamani

Tanga ni mmoja wa mikoa michache nchini yenye mahabusu ya watoto. Mtoto wa Ngamiani akituhumiwa kuvunja duka, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeshasema afanyiwe nini: asichanganywe na watu wazima, mzazi au mlezi ahudhurie, afisa ustawi wa jamii awepo, kesi isikilizwe faragha. Hata akitiwa hatiani, hafungwi gerezani. Utaratibu huo una upungufu wake na tutaufikia, lakini umeandikwa, na mzazi anaweza kuudai.

Sasa mtoe polisi, mweke mwanajeshi. Kijana wa miaka 15 kakutwa porini na bunduki. Kwa Tanga hili si la kufikirika tu. Februari 2015 polisi na wanajeshi walipambana na kundi lenye silaha pale Amboni, na tangu 2013 askari wa JWTZ wamehudumu mashariki mwa Kongo, ambako makundi ya waasi hutumia watoto vitani. Askari kashamkamata. Afanye nini naye?

Hoja ya jeshi isidharauliwe. Risasi iliyofyatuliwa na mtoto inaua sawa na ya mtu mzima. Aliyekamatwa leo huenda anajua bomu limetegwa wapi, na habari hiyo kesho haina kazi. Sheria nayo haijaufunga mlango: Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949, unaolinda raia wakati wa vita, kifungu cha 66, unaruhusu jeshi linalokalia eneo kuendesha mahakama zake za kijeshi. Ila kifungu cha 76 cha mkataba huohuo kinataka watoto walio kizuizini wapewe uangalizi unaowastahili. Ugomvi wote uko hapo katikati.

Tazama Ukingo wa Magharibi, eneo la Wapalestina linalokaliwa na jeshi la Israel, ambako Israel inawashitaki watoto wa Kipalestina, wakiwamo wanaotuhumiwa kurusha mawe, katika mahakama za kijeshi. Kwa amri za kijeshi zilizolegezwa mwaka 2013, mtoto wa miaka 12 au 13 afikishwe kwa hakimu ndani ya saa 24, wa 14 na 15 ndani ya saa 48, na wa 16 na 17 ndani ya saa 96, sawa na mtu mzima. Mtoto wa walowezi wa Kiisraeli anayeishi eneo hilohilo anaguswa na sheria ya kiraia: saa 12 kwa wa miaka 12 na 13, saa 24 kwa wa 14 hadi 17. Israel hujibu kwamba jiwe likirushiwa gari lililo mwendoni linaweza kuua, kwamba iliunda mahakama ya kijeshi ya watoto mwaka 2009, na kwamba miaka miwili baadaye ilipandisha umri wa utu uzima katika mahakama hizo hadi 18. Hayo yamefanyika kweli. Lakini ripoti ya UNICEF ya 2013 ilionyesha kidonda kilipo: kukamatwa usiku, kufungwa macho, kufungwa mikono kwa kamba za plastiki, na kuhojiwa bila wakili wala mzazi.

Hizo kamba tuzitazame kwa karibu, maana ndizo zinazoonyesha jinsi agizo zuri linavyofia njiani. Maelekezo ya jeshi hilo ya mwaka 2010 yanataka kamba tatu: moja kila kifundo cha mkono, ya tatu iunganishe hizo mbili, mikono iwe mbele, na nafasi ya kupitisha kidole ibaki kati ya kamba na ngozi. Askari mwenye haraka, gizani, hutumia moja tu na kuivuta. Kamba ya aina hii ikishakaza hairudi nyuma, lazima ikatwe. Mkono unavimba, vidole vinakufa ganzi, na kijana aliye katika hali hiyo atakubali lolote ili afunguliwe. Kwa hiyo hata anayejali usalama peke yake amepata hasara, kwa kuwa habari iliyotolewa kwa maumivu inaweza kumpeleka askari kwenye nyumba isiyohusika.

Kosa jingine ni umri. Omar Khadr, raia wa Kanada, alikamatwa na Wamarekani Afghanistan Julai 2002 akiwa na miaka 15, akituhumiwa kurusha guruneti lililomuua askari. Alipofikishwa Guantanamo, gereza la kijeshi la Marekani huko Cuba, Oktoba alikuwa ametimiza 16, akawekwa na watu wazima. Wavulana watatu wadogo zaidi walitengewa nyumba yao palepale, wakafundishwa, wakarudishwa kwao Januari 2004. Kutenga kuliwezekana, basi. Ni mstari tu uliochorwa kwenye 16 badala ya 18. Khadr alikiri makosa mwaka 2010, na mwaka 2017 Kanada ilimwomba radhi na kumlipa dola milioni 10.5 za kwao.

Na asiye na cheti cha kuzaliwa? Anza na kadi ya kliniki, daftari la shule, ndugu. Eksirei ya kifundo cha mkono iwe ya mwisho, maana inaweza kukosea kwa miaka miwili kwenda mbele au nyuma, na atlasi inayotumika sana, yaani kitabu cha picha za mifupa za kulinganisha umri, ilitokana na watoto wa Marekani wa miaka ya 1930. Ukibaki na shaka, mhesabu mtoto.

Dawa tunayoiamini sisi ni saa ya makabidhiano. Nigeria, ambayo iliwahi kuzuia watoto katika kambi ya jeshi ya Giwa huko Maiduguri, ilitia saini na Umoja wa Mataifa Septemba 2022 kwamba jeshi liwakabidhi watoto kwa mamlaka za kiraia ndani ya siku saba. Kwetu siku saba ni nyingi, lakini zinahesabika. Sharti muda wa kukamatwa uandikwe palepale, nakala mbili: saa, mahali, majeraha yanayoonekana, jina la mkabidhi na la mpokeaji. Saa isipoandikwa, siku saba hazianzi, na kwa hiyo haziishi.

Hapa ndipo jeshi lina haki ya kuuliza: tumkabidhi nani? Mtoto akikamatwa Kilindi Ijumaa jioni, mahabusu ya watoto iko Tanga mjini, upande wa pili wa mkoa. Gari likikosa mafuta, atalala kituoni na wakubwa hadi Jumatatu. Mahakama ikimpeleka shule ya maadilisho, hiyo iko Irambo, Mbeya. Kama hali ni hiyo kwa mwizi wa duka wakati wa amani, wa porini mwenye bunduki atapokelewa na nani? Jibu liko kwenye bajeti ya ustawi wa jamii: chumba, dereva, mafuta, na afisa wa zamu anayepokea simu Jumapili usiku.