Kinyago cha Mpingo Nacho ni Sanaa ya Kisasa

Muhula huu, katika kikao cha tathmini ya kazi za mwaka wa tatu wa uchongaji, mtahini aliyealikwa kutoka nje ya chuo alisimama mbele ya kazi ya mwanafunzi mwenzangu, akaizunguka mara moja, kisha akasema kwamba ingefaa sana kwa duka la watalii lakini yeye haoni usasa wake uko wapi. Hakuna mhadhiri wetu hata mmoja aliyempinga. Alama zilizotoka baadaye zilifuata kauli hiyo hiyo, na mwenzangu, aliyeanza kushika patasi utotoni kwa sababu babu yake na baba yake ni wachongaji, sasa anafikiria kuachana na mpingo na kumalizia shahada yake kwa nyaya na chupa za plastiki ili mradi apite. Jambo hili limeniuma, na naona si haki likabaki kuwa manung'uniko ya bwenini.

Kazi yenyewe ni gogo la mpingo lisilozidi urefu wa mkono wa mtu mzima. Mchongaji ameuacha ukanda wa mti mweupe wa nje uteremke upande mmoja, na kutoka kwenye weusi wa kiini ametoa watu waliobanana mlangoni mwa daladala, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja akiwa ameinua mkono kushika bomba ambalo halionekani. Anayeijua michongo ya ujamaa, ile nguzo ya watu wanaobebana kizazi juu ya kizazi, ataona papo hapo kilichofanyika. Katika ujamaa mikono ya kila mtu humshika mwenzake. Hapa miili imeshikamana kabisa, lakini hakuna mkono hata mmoja unaomgusa mtu mwingine. Mwenzangu ameliuliza swali umbo alilorithi, na ameliuliza akiwa mkazi wa Dar es Salaam anayepanda daladala kila asubuhi. Kama huo si usasa, basi mtahini alipaswa kutueleza usasa anaoutaka unapatikana wapi.

Naamini kosa halikuanza siku ile. Limo katika mpangilio wa masomo yetu, ambamo uchongaji wa Kimakonde unafundishwa katika wiki za mwanzo, chini ya sanaa za jadi, pamoja na vyungu na ngoma za unyago, halafu tunavuka bahari kwenda kuanza sanaa ya kisasa kwa msanii Mfaransa Marcel Duchamp na lile bakuli la kukojolea alilolipeleka kwenye maonyesho ya New York mwaka 1917. Mpangilio huo unapingana na kalenda. Mtindo wa shetani, wenye viumbe vya jicho moja, miguu iliyojipinda na matumbo yaliyo wazi, ulizaliwa Dar es Salaam katika miaka ya 1950, na mchongaji anayetajwa kuuanzisha ni Samaki Likankoa, ambaye kazi zake zilinunuliwa na mfanyabiashara Mohamed Peera. Inasimuliwa kwamba mkono wa sanamu aliyokuwa akiichonga ulivunjika, naye badala ya kuitupa akaibadilisha ikawa kiumbe ambacho hakikuwahi kuonekana kabla yake. Kwa hesabu hiyo, shetani ni mdogo kwa bakuli la Duchamp kwa zaidi ya miaka thelathini, lakini mwanafunzi anamaliza chuo akiamini kwamba bakuli ni la leo na shetani ni wa enzi za mababu.

Wala si suala la miaka peke yake. Tazama jinsi mitindo hii ilivyotokea. Wamakonde wengi waliokuja kuchonga Dar es Salaam walitoka nyanda za juu za Mueda, kaskazini mwa Msumbiji. Walivuka Ruvuma wakikimbia kazi za kulazimishwa za Wareno na wakitafuta ujira katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Vinyago vya mapiko walivyovijua kwao vilichongwa kwa mti mwepesi, kwa kuwa mchezaji ngoma huvivaa kichwani, na mpingo mzito ulitawala kazi zao hasa baada ya kukutana na wanunuzi wa mjini na wa ng'ambo. Umbo la nguzo ya watu, linalohusishwa na Roberto Yakobo Sangwani, lilijulikana kwanza kwa jina la dimoongo, kisha likabeba jina la ujamaa katika nchi iliyokuwa ikijijenga chini ya siasa hiyo. Uhamaji, kazi ya ujira, soko la jiji, siasa ya taifa jipya, mtu mmoja anayeanzisha mtindo mpya: vitabu tunavyosomeshwa vinazitaja sababu hizi hizi vinapoeleza kwa nini Paris ilizaa sanaa ya kisasa. Zikitokea Paris ni historia ya sanaa, na zikitokea kwetu zinaitwa mila. Hilo ndilo ninalolikataa kwa moyo wangu wote.

Tena wale wa Paris walikuwa wakitazama huku. Mwaka 1907 Picasso aliingia katika jumba la makumbusho la Trocadéro, akakutana na vinyago vya Afrika, na mkutano huo ukabadili namna yake ya kuuvunja na kuujenga upya uso wa binadamu. Tunafundishwa kuliona tukio hilo kuwa ushujaa wa msanii mmoja wa Ulaya. Lakini mjukuu wa mchongaji wa Kimakonde wa Newala akiligeukia umbo la babu yake na kulipindua, anaambiwa amebaki nyuma.

Mifano ya kuwafundishia wanafunzi haikosekani. George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, alianza kwa mpingo, akafanya kazi ya ulinzi pale Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii jijini Dar es Salaam, kisha akawachukua mashetani wa Kimakonde na kuwapeleka kwenye turubai na rangi kali, hadi wakajulikana duniani kote. John Fundi, Mmakonde wa Msumbiji, alikuwa miongoni mwa wasanii wa maonyesho makubwa ya Magiciens de la Terre yaliyofanyika Paris mwaka 1989. Naitaja Paris shingo upande, kwa sababu sipendi hoja inayongoja muhuri wa Ulaya ndipo ikubalike, lakini anayetumia kipimo cha Ulaya kumkata mwanafunzi alama anapaswa walau kukijua kipimo hicho. Kule Kampala, ndani ya maktaba kuu ya Makerere, imesimama kazi ya mchongaji Francis Nnaggenda ya mhanga wa vita, mwili uliopungukiwa na viungo, uliochongwa kutoka shina la mti. Ni mti na patasi vilivyoueleza msiba wa Uganda, na sijapata kusikia mtu akimwambia Nnaggenda aupeleke duka la watalii.

Nakubali, ingawa kwa uzito, kwamba mtahini hakulitoa wazo lake hewani. Ukipita katika vibanda vya wachongaji vya Mwenge, Dar es Salaam, utaona twiga wale wale na Wamasai wale wale wamepangwa rafu kwa rafu, na wapo wanaochukua mti mweupe wa bei nafuu, wakaupaka rangi ya viatu na kumwambia mgeni kuwa ni mpingo. Hiyo ni biashara, na watu wanalisha familia zao kwayo. Lakini kurudiarudia hakupatikani Mwenge peke yake: nimeona kazi nyingi za vyuma chakavu na chandarua zilizopewa maelezo ya kurasa mbili ukutani na ambazo zinafanana kama mapacha. Kazi huhukumiwa moja moja, kwa kuitazama, na mwenzangu alinyimwa mtazamo huo mara tu jicho la mtahini lilipoona weusi wa mpingo.

Mimi nimekuwa nikienda Mwenge siku za mapumziko kujifunza kwa mzee mmoja ambaye hana cheti chochote cha sanaa. Siku ya kwanza baada ya shikamoo na marahaba hakunipa patasi. Alinipa gogo, akaniambia nitazame kichwa chake, mahali lilipokatwa kwa msumeno, na nimweleze ninachokiona. Niliona weusi tu. Akalilowesha kwa kiganja chenye maji, na kutoka kiini ukatokea ufa mwembamba kama unywele, ukielekea pembeni. "Hapo mwanangu ukiweka uso, mwakani utapasuka katikati ya pua," alisema. "Ufa uweke mahali ambapo hata hivyo ulitaka kukata." Kisha akanionyesha jinsi shina la mpingo lisivyokuwa duara kamili, bali lina mabonde na migongo, na jinsi mchongaji anavyoamua mapema ni bonde lipi litakuwa nafasi kati ya mkono na mbavu. Anapopumzika huifunika kazi kwa gunia bichi ili isikauke kwa ghafla. Tezo hutangulia, patasi hufuata, halafu tupa, na msasa huja mwisho kabisa. Mwanafunzi anayekimbilia msasa anafukuzwa kibandani kwa upole lakini anafukuzwa. Kwa muda wote niliokaa chuoni sijapata somo la umbo, nafasi na uzito lililo na ukali wa fikra kama lile la gogo na kiganja cha maji.

Chuo nacho kimenipa mengi, nami siyabezi. Nimejifunza kuchora mwili wa binadamu, kutengeneza kalibu za plasta, kuchomelea, na kuandika kuhusu kazi yangu kwa namna ambayo msimamizi wa maonyesho ataielewa. Tanuri la kusubu shaba hatuna, wakati sanamu ya Askari tunayopita kando yake mjini ilisubiwa Uingereza karibu karne moja iliyopita. Hilo ni jambo la fedha na linahitaji makala yake. Mpingo wenyewe unakua polepole mno, kwa miongo mingi, na watengenezaji wa zumari za Ulaya wanauhitaji pia, kwa hiyo mwanafunzi anayechonga mpingo leo anapaswa kujua gogo lake limetoka msitu gani na limevunwa kwa kibali cha nani.

Ninachokitaka kinaweza kuanza muhula ujao bila kujenga jengo wala kusubiri mfadhili. Uchongaji wa Kimakonde wa miaka ya 1950 na kuendelea utolewe kwenye wiki za jadi, ufundishwe pale unapostahili kwa tarehe zake, na majina ya Samaki, Sangwani, Lilanga na Fundi yaulizwe kwenye mtihani kama linavyoulizwa la Duchamp. Kikao cha tathmini kiwe na kiti cha mchongaji anayeishi kwa patasi yake, akae kama mtahini mwenye haki ya kutoa alama, na alipwe posho ile ile anayolipwa mgeni mwenye shahada ya uzamivu. Nimeambiwa kwamba kanuni hairuhusu mtu asiye na shahada kumtahini mwenye kuitafuta. Basi kanuni hiyo ipelekwe kwenye kikao cha idara na ijadiliwe. Wanafunzi kadhaa tumekwisha kuandika barua ya kuomba hivyo, mwenzangu wa daladala ameitia saini, nasi tunaomba jibu la maandishi kabla kazi za mwisho wa mwaka hazijaanza kuchongwa, kwa sababu gogo likishakatwa haliunganishwi tena.