Sizimiki

Mtu aliyeniuzia HiAce yangu alikuwa ameandika kwenye kioo cha nyuma, kwa herufi nyekundu zenye kivuli cha manjano: SIZIMIKI. Nikadhani ni majigambo. Asubuhi ya kwanza nikagundua ni kejeli, maana shida ya gari lile haikuwa kuzimika, ilikuwa kuwaka. Lilihitaji watu wanne wa kusukuma na mteremko mmoja. Bahati nzuri mteremko ninao. Nakaa Mabatini, Mwanza, upande wa mawe, ambako nyumba zimeng'ang'ania mlima kama mbuzi, na ndimu ikikuponyoka jikoni unakwenda kuidai kwa jirani wa chini.

Gari ni la miaka ya 1990, injini 3L ya dizeli, silinda nne, haina tabo, yaani ile feni ya kuisukumia injini hewa. Hilo la tabo lishike, litarudi. Kazi yake ni kubeba vitu vya sherehe ninavyokodisha: maturubai, viti vya plastiki, masufuria ya kupikia watu mia tatu. Na kwa kuwa mimi ni mtu makini, tangu siku niliyolinunua nilikuwa napima oili kila baada ya siku chache, naongeza kidogo kidogo.

Siku moja tunapanda kurudi nyumbani, likaanza kukohoa. Nakanyaga mafuta, linaguna tu. Nyuma moshi mweusi. Bodaboda iliyobeba kabati ikatupita, na aliyeshikilia kabati akatupungia mkono. Nikafika, nikaweka jiwe kwenye tairi, nikainua kiti cha mbele na kufungua filta ya hewa.

Sasa, filta ikichafuka kwa kawaida inakuwa na vumbi. Unaigonga chini, inapiga chafya, unairudisha. Hii ilikuwa imelowa. Makunjo ya karatasi yalikuwa meusi, yamelala upande mmoja kama nywele za mtoto aliyepakwa mafuta ya nazi siku ya kufungua shule, na nilipoinyanyua ikadondosha tone moja zito juu ya soksi yangu. Ndani ya kopo lake kulikuwa na kidimbwi cha oili kinachong'aa kabisa. Nikajiona uso humo. Sikupendeza.

Nikaibeba hadi kijiweni kwa muuza kahawa, nimeishika kwa vidole viwili kama mtu anayetoa panya jikoni. Kijiwe chetu kina mabingwa wa kila fani, na wote wana nafasi.

Wa kwanza akasema ringi za pistoni zimekwisha. Moshi wa moto unapenya pembeni ya pistoni, unashuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, unapanda tena na mvuke wa oili. "Injini inapumua hiyo. Tafuta hela ya ovahoo, ifumuliwe yote." Huyu nikiri kwamba alikuwa na akili. Juu ya injini, kwenye kifuniko cha tapeti, kuna bomba la mpira linalokwenda kwenye njia ya hewa, ili mvuke wa ndani uvutwe ukaungue badala ya kuchafua barabara. Injini ikichoka, bomba lile badala ya kupitisha mvuke linatema oili yenyewe.

Wa pili, mzee aliyewahi kuendesha mabasi ya Musoma, akaichukua filta, akainusa, akafumba macho.

"Tabo," akatamka.

"Mzee, gari hili halina tabo."

"Umeona sasa? Imeshakufa kabisa."

Ovahoo ni mamilioni, na mimi nilikuwa na shilingi 80,000 na madeni ya kuzizidi. Filta mpya ningeweza kuinunua, lakini moyo ukagoma: kitu kimechafuka tu, hakijavunjika, kwa nini nikitupe? Nguo ya kitchen party ikimwagikiwa mchuzi mbona inafuliwa? Nikailoweka filta usiku kucha kwenye beseni la sabuni ya unga. Asubuhi maji yalikuwa kama supu ya pweza. Nikaisugua kwa mswaki, nikaisuuza mara tatu, nikaianika kambani katikati ya sare za shule.

Jirani akapita, akasimama.

"Shemeji, mmenunua kinanda?"

Mke wangu hakusema neno. Alilitazama beseni, akanitazama mimi, halafu akatoka kwenda kununua beseni lingine, ambalo hadi leo sijui analiweka wapi.

Karatasi ya filta si shati. Ikishalowa inavimba, makunjo yanashikana, pale palipokuwa na nafasi ya hewa panaziba, na pale ulipopitisha mswaki panachanika. Haya nayajua leo. Siku ile niliona rangi ya njano imeanza kurudi, nikaipachika huku napiga mluzi.

Halafu nikajiongeza. Nikasema, kama oili inakwenda kwenye filta, basi kwenye injini inapungua. Hesabu safi, hakuna mwalimu wa kuitia mkasi. Nikaacha ule mtindo wa kupima baada ya siku chache, nikawa napima kila asubuhi kabla sijanawa uso. Nachomoa stiki, kile kijiti cha kupimia oili, naifuta kwa fulana kuukuu, nairudisha, nachomoa tena. Oili iko chini ya L, alama ya upungufu. Naongeza nusu lita. Kesho yake, chini ya L. Nusu lita nyingine. Galoni la lita 5 likaisha ndani ya siku kumi na kidogo. Kila nilivyoongeza, filta ilizidi kulowa; kila ilivyolowa, nilizidi kuongeza. Nilijiona mzazi mwema anayemnywesha uji mtoto anayeharisha.

Gari lenyewe lilikuwa limeegeshwa pale pale siku zote, pua ikitazama bondeni tayari kwa kusukumwa, jiwe mbele ya tairi.

Ikafika Jumamosi ya harusi, Kisesa. Viti mia juu ya keria, turubai na masufuria nyuma, na katikati akina mama wanne wa jikoni, wakiongozwa na mama mkubwa wangu, aliyekumbatia ndoo ya nyama iliyolala kwenye viungo tangu jana. Chini ya miguu yao ndoo ya kachumbari. Mpwa wangu ndiye utingo, kaning'inia mlangoni ingawa mlango unafungika vizuri kabisa.

Buzuruga tukapita. Nyakato tukapita. Baada ya Igoma nikahisi gari lina nguvu za ajabu. Nikafurahi! Nikasema moyoni, ile sabuni imefanya kazi. Mlio ukapanda. Ukazidi kupanda. Nikautazama mguu wangu: haukuwa kwenye pedali ya mafuta. Umekaa pembeni, mtulivu, kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni. Injini inapiga kelele yenyewe.

Nikatoka barabarani, nikaweka gia huru. Ikawa mbaya zaidi, kumbe gia ndizo zilizokuwa zinaizuia kidogo. Nikazima ufunguo. Haikuzima. Nikauchomoa kabisa ufunguo, nikabaki nimeushika mkononi mbele ya uso wangu huku injini inalia kama ndege inayotaka kuruka Kisesa bila uwanja.

"Anko!" akapiga kelele mpwa wangu, ambaye tayari alikuwa mita thelathini nyuma ya gari na bado anakimbia. "Si imeandikwa!"

Dizeli haina plagi za kupiga cheche. Inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na ufunguo kazi yake ni kuikatia mafuta tu. Sasa injini ikipata chakula kingine, kuikatia mafuta ni sawa na kumfungia jiko mume ambaye tayari anakula kwa mama ntilie. Yangu ilikuwa inanyonya oili yake yenyewe kupitia njia ya hewa, na ilivyozidi kukimbia ndivyo ilivyozidi kunyonya.

Na moshi! Si ule mweusi tena. Ulikuwa mweupe wenye ubuluu, mzito, unatoka kwa marobota. Ukavuka barabara, ukameza genge la nyanya, ukameza banda la kunyolea nywele na kijana aliyenyolewa nusu kichwa. Mwenye duka akafunga dirisha haraka, nikamsikia akisema kwa sauti ya shukrani, "Afadhali, mwaka huu wamekuja kutupulizia mbu." Watoto wakaingia kwenye moshi kwa kushangilia, wakatoka upande wa pili bila kushangilia.

Mama mkubwa alishuka kupitia dirishani. Mlango ulikuwa wazi, lakini alishuka kupitia dirishani, na ndoo ya nyama mbele yake. Viatu vilibaki garini, na kilemba. Nyama haikumwagika hata kipande.

Aliyeniokoa ni dereva wa Fuso aliyesimama upande wa pili. "Gia ya nne!" akanipigia kelele. "Kanyaga breki mpaka mwisho! Achia klachi!" Nikarudi kwenye kiti nikitubu. Klachi, gia ya nne, breki kwa miguu yote ya ukoo, halafu nikaachia. Gari likatingishika mara tatu, masufuria yakapiga kengele, likazima. Kimya. Isipokuwa kifuniko kimoja cha sufuria, kilichoendelea kuzunguka sakafuni peke yake kwa muda mrefu sana, na sisi sote tukakisubiri kwa heshima mpaka kikatulia.

Fundi wangu akaja kutoka Nyakato kwa bodaboda, mzee mfupi mwenye ovaroli iliyokuwa ya buluu enzi hizo.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Umeilisha nini?"

Hakugusa spana. Akaagiza soda, akainywa polepole chini ya mti huku oili ikishuka. Halafu akachomoa stiki, akaifuta, akairudisha, akachomoa. Akaitazama. Akanionyesha. Oili ilikuwa imeipita F, alama ya kujaa, kwa vidole vinne, inakaribia kufika pa kushikia.

"Unapimia wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Mabatini."

"Mabatini ya barabarani au ya mawe?"

"Ya mawe," nikasema, na sauti yangu ikaishia njiani, kwa sababu hapo hapo niliiona ile ndimu ya jikoni ikibingirika kwenda kwa jirani.

Alicheka mpaka akakaa juu ya sufuria. Gari likiinama, oili yote inakimbilia upande mmoja wa sampu, stiki inalamba patupu. Mimi naona njaa, namimina. Oili ikizidi, krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inaifikia na kuichapa kama mayai ya keki, linatoka povu, povu linapanda, lile bomba la mpira linalitema kwenye filta. Kumbe hata ile iliyonidondokea kwenye soksi niliimimina mwenyewe.

Ikatakiwa ndoo ya kumwagia. Iliyokuwapo ni ya kachumbari. Mama mkubwa akaihamisha kachumbari kwenye sufuria bila kunitazama, kwa ukimya ambao nitaukumbuka mpaka nizeeke. Fundi akalegeza nati ya sampu, ikatoka karibu lita 3 za ziada. Akalikamua lile bomba la mpira, akalisafisha kwa dizeli pamoja na kopo la filta na mabomba yote ya hewa hadi yakakauka, maana oili iliyobaki humo ingeweza kuturudisha kwenye moshi. Kisha akaiinua filta yangu kuielekea jua. Hakuona mwanga hata wa sindano. Akaikunjua, kipande kikabaki mkononi mwake. Akanusa.

"Hii ni sabuni?"

"Ya limau," nikasema.

Mpwa akatumwa na bodaboda kuleta filta mpya. Gari likawashwa, likatoa moshi wa kuaga, likatulia. Fundi akafungua mfuniko wa kujazia oili injini ikiunguruma, akaweka kiganja juu. Kilichotoka kilikuwa pumzi ya mzee aliyepanda ngazi, si ya mgonjwa. "Ringi zako zipo, ng'wanawane," akasema, yaani mwanangu kwa Kisukuma. "Ovahoo ya nini? Wewe tafuta sehemu tambarare." Akachukua 25,000 na soda ya pili.

Harusini tulifika bibi harusi keshaketi, juani. Mwenye shughuli akanikata malipo, na kwenye risiti akaandika kwa mkono wake: punguzo la moshi. Viti kumi na viwili vilirudi na alama za vidole vyangu, bado zipo. Nyama ilisifiwa na wote, wengine wakauliza ni mkaa gani uliotumika.

Siku hizi nashusha gari mpaka kwenye uwanja wa mpira ndipo nachomoa stiki, na vijana wanasimamisha mechi kunipisha. Filta ni kavu. Kijiweni nilieleza mkasa wote, mwanzo hadi mwisho, hadi stiki nikaenda nayo. Yule mzee wa mabasi akanisikiliza kwa utulivu, akanywa kahawa yake yote, akaweka kikombe chini.

Juzi kanitumia namba ya mtu anayeuza tabo.