Nani aliwamaliza Wayahudi wa York?

Habari ya Wayahudi wa York, mji wa kaskazini mwa Uingereza, husimuliwa kana kwamba ilidumu usiku mmoja. Tarehe 16 Machi 1190, watu wapatao 150 walikufa ndani ya mnara wa mbao wa ngome ya mfalme, wengi wao kwa mikono yao wenyewe, kuliko kuangukia mikononi mwa umati uliowazingira. Juu ya kilima kilekile leo kuna mnara wa mawe, Clifford's Tower, uliojengwa zaidi ya nusu karne baadaye, na tangu 1978 kuna bamba la kumbukumbu chini yake. Mgeni husoma bamba, hupiga picha, huondoka akijua kwamba Wakristo wa York waliwaua Wayahudi wa York. Ni kweli. Ila ukweli huo ukiachwa peke yake unamwokoa mtu mmoja ambaye hatajwi sana katika kisa hiki, naye ni mfalme.

Tuanze na upande unaojulikana, kwa sababu una nguvu zake. Richard I alitawazwa kuwa mfalme wa Uingereza huko Westminster tarehe 3 Septemba 1189, na siku hiyohiyo Wayahudi walioleta zawadi walishambuliwa. Miongoni mwao walikuwamo vigogo wawili wa York, Josce na Benedict. Benedict alipigwa mpaka akakubali kubatizwa. Kesho yake, mbele ya mfalme, akasema yeye ni Myahudi, na akafia Northampton akiwa njiani kurudi kwao. Mfalme akavuka bahari kujiandaa kwa Vita vya Msalaba, na hakupita muda fujo zikazuka katika miji ya Lynn, Norwich, Stamford na Lincoln. Zilipofika York, nyumba ya marehemu Benedict ilivamiwa kwanza. Mjane wake na watoto wakauawa. Wengine wakakimbilia ngomeni. Mtawa mmoja mwenye kanzu nyeupe aliwachochea washambuliaji bila kuchoka mpaka jiwe lilipomwangukia kutoka juu likamuua. Ndani ya mnara, rabi Yom Tov wa Joigny, mshairi ambaye utenzi wake bado husomwa masinagogini usiku wa Yom Kippur, siku ya toba ya Kiyahudi, alishauri wafe wao wenyewe. Josce alianza na mkewe Anna.

Anayesema kwamba hayo yote yalikuwa ya fedha tu, dini ikiwa kisingizio, ana kazi ya kumwelezea yule mtawa. Lakini anayesema yalikuwa ya dini tu naye ana kazi yake. Waliobaki hai asubuhi waliahidiwa usalama wakikubali ubatizo. Wakakubali, wakatoka, wakauawa palepale. Umati uliotaka roho za watu kwa ajili ya Kristo ungewapokea. Na baada ya kuwaua, wenye fujo hawakurudi makwao. Walikwenda moja kwa moja kanisa kuu, wakawalazimisha walinzi watoe hati za madeni zilizohifadhiwa humo, wakazichoma katikati ya kanisa. Kati ya viongozi wao walikuwamo makabaila wa mashambani kama Richard Malebisse, William Percy na Marmaduke Darell, watu wa nasaba wenye ardhi na wenye madeni.

Hapa ndipo wachambuzi wengi hufunga daftari. Wakopeshaji walitoza riba kali, wakopaji wakalipiza. Riba yenyewe ilikuwa kali kweli. Kiwango cha peni 2 kwa kila pauni kwa wiki kilikuwa cha kawaida katika karne iliyofuata, na kwa kuwa pauni ilikuwa na peni 240, hiyo ni zaidi ya asilimia 43 kwa mwaka. Msomaji wetu, awe wa msikitini au wa kanisani, hahitaji kufundishwa kwa nini riba inauma. Swali ambalo halijaulizwa ni jingine: deni lile hatimaye lilikuwa la nani?

Kisheria, Myahudi wa Uingereza na vyote alivyokuwa navyo vilihesabiwa kuwa vya mfalme. Tajiri mkubwa wa zama hizo, Aaron wa Lincoln, alipofariki mwaka 1186, hazina ya mfalme wa wakati huo, Henry II, ilichukua mali yake yote. Wadaiwa wake walikuwa karibu 430, na madeni yalifika pauni 15,000 hivi, kiasi ambacho hazina ililazimika kufungua kitengo maalumu cha kuyafuatilia. Malebisse alikuwa mmoja wa waliokopa kwa Aaron. Mkopeshaji aliyezoea kusubiri na kupatana kafa. Anayedai sasa ni serikali.

Kisa cha watawa wa Meaux, mashariki mwa jimbo la Yorkshire, kinaonyesha tofauti hiyo. Bwana mmoja, William Fossard, alikuwa akidaiwa na Aaron zaidi ya mark 1,800 (mark moja ni theluthi mbili za pauni). Aaron akawaambia watawa: chukueni ardhi ya Fossard, mbebe deni lake, nami nitapokea mark 1,260, mark 40 kila mwaka. Biashara hiyo iliwafaa wote watatu. Aaron alipokufa, maofisa wa mfalme wakawajia watawa wakidai hata zile mark zaidi ya 500 ambazo marehemu alikuwa amezisamehe. Nani basi alikuwa mkopeshaji katili?

Tuangalie pia serikali ilivyoitikia mauaji. Kansela William Longchamp alifika York na jeshi mwezi Mei 1190. Alimwondoa madarakani liwali wa mfalme, John Marshal, ambaye ndiye aliyetoa amri ya kuishambulia ngome kisha akajuta ikiwa imechelewa. Akawatoza raia wa mji faini, akachukua mateka, akakamata mashamba ya makabaila waliotoroka. Hakuna hata mmoja aliyenyongwa. Mwandishi wa historia William wa Newburgh, aliyeishi jirani na matukio hayo, aliandika waziwazi kwamba hadi siku zake hakuna aliyekuwa ameadhibiwa kwa kifo. Malebisse alirudishiwa ardhi, na chini ya mfalme John akapewa kazi za serikali.

Miaka minne baada ya umwagaji damu huo likaja jibu halisi la serikali, na kwangu ndilo linalosema mengi kuliko mauaji yenyewe. Kanuni za mwaka 1194 ziliagiza kwamba mikopo yote ya Wayahudi ifanyike katika miji michache iliyoteuliwa, mbele ya Wakristo wawili, Wayahudi wawili na waandishi. Mkataba uandikwe mara mbili juu ya ngozi moja, kisha ngozi ikatwe katikati. Nusu yenye muhuri wa mkopaji akae nayo Myahudi; nusu nyingine iwekwe katika kasha la umma lenye kufuli tatu, funguo zikigawanywa ili upande mmoja usiweze kulifungua peke yake. Nakala nyingine iandikwe kwenye orodha ya serikali. Zaidi ya hapo, kila Myahudi aliapa kusajili mali yake yote: madeni, nyumba, kodi za nyumba.

Soma kanuni hizo polepole utafute kifungu cha kuwalinda watu. Kinacholindwa ni karatasi. York iliifundisha serikali kwamba moto wa saa moja unaweza kuila mali ya mfalme, na serikali ikahakikisha haitatokea tena: anayechoma hati moja atakuta nyingine kashani, na akichoma kasha atakuta orodha hazinani. Kuanzia hapo mfalme alijua, hadi peni, kila familia ya Kiyahudi ina kiasi gani. Wanaosifu kanuni hizi kama mwanzo wa utunzaji mzuri wa kumbukumbu za mikopo hawakosei. Ila nazo zilikuwa ramani ya mahali pa kukamua.

Kukamua kulihitaji wawepo wa kukamuliwa, na ndiyo sababu sehemu ya kisa inayosahaulika kabisa ni kwamba Wayahudi walirudi York. Mwanzoni mwa karne ya 13 walikuwa wamekwisha kujenga upya, na katika mchango uliotozwa mwaka 1221 Wayahudi wa York walilipa fungu kubwa kuliko wa mji mwingine wowote, London ikiwemo. Kuna hadithi maarufu kwamba marabi waliupiga mji marufuku, Myahudi asilale York. Hakuna hati ya zama hizo inayothibitisha hilo, na makaburi yanaikanusha. Mwaka 1982 na 1983, kabla ya kujengwa maegesho ya duka kubwa kandokando ya mto Foss, mahali paitwapo Jewbury, wanaakiolojia walifukua mabaki ya karibu watu 500, wamezikwa kwa mistari, kila mmoja na kaburi lake. Walizikwa upya mwaka 1984. Hayo ni makaburi ya watu waliozaa, wakazeeka na kuzikana kwa utulivu kwa vizazi kadhaa.

Kati yao aliyefahamika zaidi ni Aaron wa York, aliyekuwa mkuu wa Wayahudi wote wa Uingereza mbele ya serikali tangu 1236 hadi 1243. Mtawa Matthew Paris, ambaye hakuwa rafiki wa Wayahudi hata kidogo, anaandika kwamba Aaron mwenyewe alimwambia amemlipa mfalme Henry III mark 30,000 za fedha katika miaka saba, mbali na mark 200 za dhahabu kwa malkia.

Mark 30,000 ni pauni 20,000, yaani peni milioni 4 na laki 8. Kibarua akilipwa peni 2 kwa siku, kwa siku 300 za mwaka, hiyo ni mishahara ya vibarua 8,000 kwa mwaka mzima, kutoka mfukoni mwa mtu mmoja. Wako wanaoona hesabu hiyo imetiwa chumvi. Sawa, ikate nusu: vibarua 4,000. Na Aaron hakuwa peke yake. Mwenzake Leo wa York alipofariki mwaka 1244, warithi walitakiwa kulipa mark 7,000 ili wapokee walichoachiwa.

Fedha hizo hazikuota mtini. Mfalme anapompa Aaron muda mfupi wa kulipa, Aaron naye hana budi kuwabana wakopaji wake, au kuuza hati zao kwa bei ya kutupa kwa wakubwa wa ikulu ambao haja yao ilikuwa ardhi iliyowekwa rehani. Kabaila mdogo wa Yorkshire anayepoteza shamba lake anaona jina la Myahudi kwenye hati. Jina la mfalme halimo. Ilikuwa kodi iliyokusanywa kwa mkono wa mwingine, na chuki ikabaki kwenye mkono huo. Waliokuwa karibu na mambo walijua. Vifungu vya 10 na 11 vya Magna Carta, hati ya haki ambayo makabaila walimlazimisha mfalme John aikubali mwaka 1215, vinahusu madeni ya Wayahudi, na cha 10 kinamtaka mfalme, deni likiangukia mikononi mwake, adai mtaji tu. Makabaila wasingejisumbua kuandika hivyo kama hawakuwa wamekwisha kuumwa. Aaron wa York alikufa mwaka 1268 akiwa amefilisika.

Pingamizi zito dhidi ya usomaji huu ni kwamba unawasafisha majirani. Mfalme hakumuua mjane wa Benedict. Waliomuua walikuwa na majina na mikono. Pia ulinzi wa mfalme haukuwa uongo mtupu: ngome iliyowapokea ilikuwa yake, na bila amri zake wasingethubutu kurudi. Nakubali yote mawili, na sioni kwamba mhalifu mmoja humwondolea mwingine hatia. Ila hilo la ulinzi lina kasoro. Mlinzi mkuu wa ngome alitoka kwenda shughuli zake, na Wayahudi, wasijue huko nje anapatana na nani, wakakataa kumfungulia aliporudi. Hawakumwamini. Watu walioishi chini ya ulinzi huo kila siku ndio waliojua thamani yake, na tuupime kwa kipimo chao. Mwaka 1255 Henry III aliwaweka Wayahudi wote wa Uingereza rehani kwa ndugu yake Richard wa Cornwall, kwa mark 5,000. Hiyo nayo iliitwa ulinzi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mwaka 1275 mfalme Edward I alipiga marufuku riba na kuwalazimisha Wayahudi kuvaa alama ya kitambaa cha njano. Miaka michache baadaye zaidi ya Wayahudi 200 walinyongwa London kwa shtaka la kupunguza kingo za sarafu. Tarehe 18 Julai 1290 ikatoka amri kwamba wote wawe wameondoka nchini ifikapo tarehe 1 Novemba. Bunge, ili kulipia hatua hiyo, lilimkubalia mfalme kodi iliyoingiza takriban pauni 116,000.

Waliobaki York kufikia hapo walikuwa kaya chache tu. Makasha yenye kufuli tatu yalikwisha kufungwa na kutiwa muhuri mwezi Juni mwaka huo, kabla wenyewe hawajaambiwa waondoke. Nyumba zao zikawa za mfalme. Hati zilizokuwa ndani ya makasha nazo zikawa zake, na akatangaza, kwa ukarimu, kwamba atadai mtaji tu bila riba.