Nani Bungeni Anayejua Uzito wa Makato?

Juzi hapa Tabora, kwenye kibanda cha wakala, mama mmoja muuza karanga aliuliza makato kabla hata ya kutaja kiasi anachotaka kutoa. Alipojibiwa, alihesabu kwa vidole, kisha akasema, "Basi mwanangu, nitolee elfu ishirini tu, nyingine ibaki humo humo."

Nikakumbuka Julai 2021, tozo ya miamala ya simu ilipoanza, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala mmoja, juu ya ada tulizokuwa tukikatwa tangu zamani. Bunge lilikuwa limeipitisha Juni, na zikahitajika kelele za mitaani ndipo Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Siamini kwamba waheshimiwa walikuwa na roho mbaya. Ninaamini tu kwamba mtu ambaye mshahara wake huingia benki tarehe inayojulikana haoni kutoa elfu ishirini kuwa ni uamuzi, ilhali kwa yule mama ni kuchagua kati ya unga na daftari la mtoto.

Mtafiti wa Marekani, Nicholas Carnes, ameonyesha kwamba wafanyakazi wa kawaida huko ni zaidi ya nusu ya nguvukazi, lakini katika bunge lao hawafiki hata asilimia 2. Sisi Katiba yetu inamtaka mbunge ajue kusoma na kuandika. Gharama za fulana na mafuta ya magari ya kampeni haikuzitaja, kwa ustaarabu wake.

Nitaambiwa, na sina budi kukubali, kwamba hata asiye mnyonge anaweza kuwatetea wanyonge: Nyerere alikuwa mtoto wa chifu, tena alisoma hapa hapa Tabora, katika shule ambayo wakoloni waliwalenga watoto wa machifu. Lakini mtoto huyo wa chifu hakuiachia dhamira peke yake kazi hiyo: Azimio la Arusha la 1967 lilitaka kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, likamkataza hisa katika makampuni, mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991, kule Zanzibar, masharti hayo yakalegezwa, na sasa kodi ya pango inajadiliwa bila mtu kuuliza ni wangapi kati ya wanaoijadili wana wapangaji.

Mgombea ajaye akifika mtaani kwetu, ilani yake nitaisoma mwenyewe usiku. Nitamwuliza tu ni lini mara ya mwisho alipotoa pesa kwa wakala, na alikatwa shilingi ngapi.