Mtafiti Haajiriwi Siku ya Usaili

Kila mwaka ikikaribia Oktoba, simu yangu huanza kupokea matangazo ya kazi. Wanaoyatuma ni vijana niliowahi kuwafundisha fizikia. Wengine wako Nairobi, wengine Dodoma, mmoja yuko Kigali. "Mwalimu, hii unaionaje?" Nikifungua nakuta kituo fulani kikubwa cha astronomia ya redio, yaani cha kuchunguza anga kwa mawimbi ya redio, kinatafuta watafiti: shahada ya uzamivu, mkataba wa miaka mitatu, waombaji wa mataifa yote wanakaribishwa. Huo ndio msimu wenyewe. Vituo vingi vya aina hii hufunga maombi kati ya Oktoba na Desemba ili atakayepatikana aripoti kazini mwaka unaofuata.

Wote nawaambia waombe. Ila siwaambii kwamba mlango uko wazi sawasawa kwa kila mtu, kwa sababu si kweli. ESO, shirika la nchi za Ulaya lenye darubini zake kule Chile, halifichi: hakuna taifa linalozuiwa, lakini raia wa nchi wanachama hutangulizwa. Sawa, wao ndio wanaolipa. Kinachoniuma ni mchujo mwingine, usioandikwa popote na usio na wa kushtakiwa. Kazi hizi huwa zimekwisha kugawiwa kabla tangazo halijaandikwa, pengine miaka kumi nyuma, pale ilipoamuliwa nani atasomea data ya darubini ipi, na chini ya msimamizi gani.

Chukua SKAO, shirika linalojenga SKA, darubini kubwa kuliko zote za redio. Makao makuu yako Jodrell Bank, Uingereza. Mkataba wake ulitiwa saini Roma mwezi Machi 2019, shirika likaanza kazi 2021, na ujenzi ukaanza Julai mwaka huohuo. Afrika Kusini, katika nyanda kame za Karoo, kutakuwa na madishi 197, yakihesabiwa humo yale 64 ya darubini ya MeerKAT ambayo tayari yanafanya kazi. Australia Magharibi, kwenye ardhi ya jadi ya watu wa Wajarri Yamaji, zitasimama antena 131,072. Mtambo wote ukikamilika, unatarajiwa kutoa petabaiti 700 hivi za data kila mwaka, yaani gigabaiti milioni 700.

Kwa hiyo mwombaji asahau picha ya mwanasayansi anayechungulia nyota usiku akiwa amevaa koti. Hakuna pa kuchungulia. Kinachotafutwa ni mtu wa kusawazisha data, wa kutofautisha mapigo ya nyota na kelele za simu au ndege iliyopita, wa kuandika programu itakayokimbia kwenye mamia ya kompyuta bila kukwama, kisha aweze kuketi kwenye kikao cha mtandaoni ambacho wenzake wa Perth wanakihudhuria usiku na wa Manchester asubuhi.

Halafu kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui mpaka wameshasaini. Mtafiti wa kituo si mtafiti muda wote. Wale wanaopata nafasi za ESO nchini Chile hutumia takriban nusu ya muda wao kuhudumia darubini. Kwenye ALMA, darubini ya redio yenye antena 66 zilizosimama mita 5,000 juu ya usawa wa bahari katika jangwa la Atacama, mwanaastronomia wa zamu hukaa chumba cha udhibiti, mita 2,900, akiangalia kama vipimo alivyoomba profesa wa Tokyo vinatoka safi. Utafiti wake mwenyewe unamsubiri akishuka. Si kazi laini. Mwaka uleule ALMA ilipozinduliwa, 2013, wafanyakazi wake waligoma kwa zaidi ya wiki mbili wakidai mishahara na mazingira bora ya kazi huko juu.

Mimi naona nusu hiyo ya huduma ndiko vijana wetu wangeweza kung'ara. Mtu aliyefanya uzamili kwenye maabara ambayo jenereta ndiyo mhandisi mkuu amejifunza kuokoa data umeme ukikatika, kutengeneza kwa vipuri vya kubahatisha, na kuandika programu inayokubali kuendelea pale ilipoachia. Wasifu wa kawaida hauna mahali pa kuyaandika hayo. Una mahali pa kuorodhesha makala za kisayansi, na makala huwa nyingi kwa yule aliyekulia ndani ya kundi la watafiti arobaini wenye darubini yao.

Na barua za wadhamini. Hapa nitakaa kidogo, maana ni aibu yetu wenyewe. Mwombaji hudaiwa barua tatu hivi. Mhadhiri wa kwetu, tena mtu mwema anayempenda mwanafunzi wake, huandika aya mbili: namfahamu kwa miaka minne, ana nidhamu, anashirikiana vizuri na wenzake, namtakia kila la heri. Kwa desturi zetu hizo ni sifa nzito. Mbele ya kamati ya uteuzi zinasomeka kama barua ya mtu asiyetaka kusema ubaya. Mwombaji mwenzake wa chuo cha Leiden au Cambridge ameandikiwa kurasa mbili: kosa gani aliligundua kwenye data, programu ipi aliiandika peke yake, anasimama wapi akipangwa na wanafunzi watano waliomtangulia. Nimesoma barua za pande zote mbili. Tofauti kubwa mara nyingi iko kwa mwandishi, siyo kwa anayeandikiwa. Idara zetu zikitaka kumsaidia mwanafunzi kesho asubuhi, bila kusubiri fedha ya mtu yeyote, zianzie hapa. (Na tafadhali, barua isiandikwe na mwanafunzi mwenyewe kisha profesa akapiga mhuri. Inajulikana.)

Vituo navyo vinajua kwamba jina la mtu na la chuo chake huvuta mizani. Mwaka 2018 waliokuwa wakigawa muda wa darubini ya Hubble walianza kusoma maombi bila kujua ni ya nani, na kwa mara ya kwanza maombi yaliyoongozwa na wanawake yakapita kwa kiwango cha juu kuliko ya wanaume. ALMA ikafuata njia hiyo 2021. Kwenye ajira huwezi kumficha mtu hadi mwisho, lakini barua zinaweza kuombwa baadaye, kwa wale wachache waliobaki, na hatua ya kwanza ikawa kazi ya mikono: hii hapa data chafu, tuonyeshe utakavyoisafisha. Sioni kwa nini kituo chenye fedha za kujenga madishi mapya 133 kishindwe kuandaa mtihani kama huo.

Hata hivyo, siwezi kuwatupia wenzetu mzigo wote. Afrika Kusini haikusubiri. Mpango wake wa kufadhili wanafunzi kwa ajili ya mradi wa SKA ulianza 2005. Uamuzi wa kugawa darubini kati yake na Australia ulitoka Mei 2012, na MeerKAT ikazinduliwa Julai 2018. Yaani walianza kuandaa watu miaka saba kabla ya kuwa na uhakika wa kupata chochote, na miaka kumi na mitatu kabla ya darubini yao kubwa kufunguliwa. Walikuwa na pa kuanzia, hilo ni kweli: dishi la mita 26 la Hartebeesthoek, ambalo NASA ililijenga 1961 kwa ajili ya vyombo vyake vya anga na kuliacha katikati ya miaka ya 1970. Leo SKAO au kituo kingine kikitangaza nafasi, kijana wa Cape Town anaomba akiwa ameshaigusa data ya MeerKAT tangu uzamili.

Chile nayo ilicheza karata tofauti. Haikuwa na fedha za kujenga darubini za mabilioni. Ilikuwa na anga. Ikadai asilimia 10 ya muda wa kutumia darubini zinazojengwa kwenye ardhi yake, ALMA ikiwemo, ubaki kwa watafiti walioko vyuo vya Chile. Muda huo ukawavuta maprofesa, maprofesa wakafungua idara, na idara zikazaa waombaji wa kazi.

Sisi je? Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco katika bahari ya Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei pekee. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Ilipima anga nzima na kuorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, akapata Nobel 2002. Ni tukio kubwa katika historia ya sayansi, nasi tulitoa bahari, mstari wa ikweta na jina. Hakukuwa na sharti la muda wa data kwa Chuo Kikuu cha Nairobi wala viti vya wanafunzi. Nchi ilikuwa changa, simlaumu mtu. Lakini tusirudie.

Kenya ni miongoni mwa nchi nane washirika zilizoiunga mkono Afrika Kusini katika kuiwania SKA, na mpango ulikuwa lile dishi kubwa la Longonot, lililojengwa kwa ajili ya mawasiliano ya kimataifa, ligeuzwe darubini. Madishi kama hayo yalibaki bila kazi ya maana nyaya za chini ya bahari zilipofika pwani yetu mwaka 2009. Ghana ililigeuza la kwake, la mita 32 huko Kuntunse, na kulizindua 2017. Kuhusu Longonot, huulizwa kila mara: lini litawaka? Mimi swali hilo naliona la pili. Mradi wa mafunzo wa DARA, unaofadhiliwa na Uingereza, umekuwa ukiwapitisha vijana wa nchi hizo nane, Wakenya wakiwemo, kwenye mafunzo ya msingi ya astronomia ya redio, na wengine wameendelea hadi uzamili na uzamivu huko nje. Hao ndio darubini yetu kwa sasa. Dishi lisilo na watu hawa litakuwa la kupigia picha mawaziri.

Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi nane, na Uganda, Rwanda na Burundi pia. Mtu anaweza kulalamikia hilo mwaka mzima. Au anaweza kukumbuka kwamba data ya ALMA hufunguliwa kwa dunia nzima miezi 12 baada ya aliyeiomba kukabidhiwa, na kwamba programu za kuichakata ni za bure. Kinachokosekana ni msimamizi anayeijua kazi, kompyuta yenye nguvu, na intaneti isiyokata katikati ya kupakua. Kigali ina taasisi ya fizikia ya nadharia, EAIFR, tangu 2018. Mbarara wana kundi la astronomia. Nairobi wanafundisha shahada ya kwanza ya fani hii. Wakiungana kuchukua wanafunzi wanne tu kwa mwaka, wenye wasimamizi wa pamoja kule Cape Town, litakuwa jambo linaloonekana. SKAO itagawa muda wake mwingi kwa kufuata michango ya nchi wanachama, na katika Afrika mwanachama ni Afrika Kusini peke yake, kwa hiyo ushirika huo wa usimamizi ndio njia fupi ya kuingia kwenye data kabla ya kuingia kwenye ajira.

Mwaka wa fedha wa serikali zetu huanza 1 Julai. Fungu la wanafunzi wanne likiingizwa kwenye bajeti ijayo, wa kwanza watakuwa tayari kujibu matangazo haya ya Oktoba baada ya miaka sita au saba, darubini za Karoo na Australia zikiwa zimeanza kazi yake hasa.