Andikisheni jina lake siku hiyo hiyo

Juzi baada ya Isha pale Mkunguni, hapa Lamu mbele ya Ngome, mazungumzo yaliingia kwa vijana waliochukuliwa wasijulikane waliko. Mzee mmoja ninayemheshimu sana akasema, "Kama hana kosa asingechukuliwa." Wenzake wakaitikia. Nilimjibu kwa adabu, lakini mpaka sasa roho haijatulia.

Maana kauli hiyo ndiyo inayowapa nafasi wanaowachukua vijana. Mtu akichukuliwa usiku na kuvushwa Mokowe, kule bara, mtaa badala ya kuuliza yuko wapi unaanza kuuliza alikuwa akisali msikiti gani, na safari yake ile ya Kismayu alifuata nini. Siku zinapita, na siku hizo ndizo wanazozihitaji wale waliomchukua.

Tumesahau 2007? Watu waliokimbia vita Somalia walikamatwa hapa kwetu Kiunga na kule Liboi, wanawake na watoto wakiwemo. Wakapelekwa Nairobi. Kisha Januari 20, Januari 27 na Februari 10 ndege zikaondoka nao kuwarudisha Somalia, na kutoka huko wengi wakaishia mahabusu za Ethiopia, ambako walihojiwa hata na maofisa wa Marekani. Hawakupungua watu 80, na Wakenya walikuwamo. Jamaa zao walikuwa wamekwenda mahakamani Nairobi kuomba waletwe mbele ya jaji. Jaji ataamuru aletwe nani, na mtu ameshatolewa nchini? Uhamisho wa siri una kazi hiyo moja: kumtoa mtu pale ambapo mama yake na wakili wake wanaweza kumfikia, awekwe mahali ambapo akipigwa hakuna wa kuuliza. Na Februari 6, kati ya ndege ya pili na ya tatu, serikali yetu ilikuwa Paris ikitia saini mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya kupoteza watu. Mpaka leo haijauridhia.

Kilichofichua yale ni majina. Muslim Human Rights Forum, jukwaa la kutetea haki za binadamu, walizipata orodha za abiria wa ndege zile, wakazitangaza, wakafuatilia mmoja mmoja. Al-Amin Kimathi, aliyekuwa akiliongoza jukwaa hilo, alikwenda Uganda 2010 kufuatilia kesi ya Wakenya waliopelekwa huko baada ya mabomu ya Kampala. Akakamatwa yeye mwenyewe, akakaa ndani karibu mwaka mzima, kisha akaachiwa bila kesi.

Na Mohammed Abdulmalik, aliyekamatwa Mombasa Februari 2007? Mwezi uliofuata alikuwa Guantánamo, jela ya Marekani. Amerudishwa Kenya Desemba 2024. Miaka 17 na zaidi, na hakuwahi kushtakiwa kwa kosa lolote. Nilimuuliza mzee wangu kosa lake lilikuwa lipi. Hakunijibu.

Najua watasema usalama. Sisi wa Lamu hatuhitaji kuambiwa Al-Shabaab ni nani. Mpeketoni 2014 tulizika, na Pandanguo watu walihama na watoto mgongoni. Anayeua akamatwe. Afikishwe mahakamani, ushahidi usomwe mbele yetu sote, afungwe. Ngome yenyewe ilikuwa jela mpaka 1984, katikati ya mji, na kila mtu aliijua ilipo.

Katiba, kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Kifungu cha 25 kinasema haki ya kutoteswa haipunguzwi kwa sababu yoyote, vita au amani. Sheria ya kuzuia mateso tunayo tangu 2017. Lakini sheria haimtafuti mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Namjua mama aliyezunguka vituo akiwa na mfuko wa plastiki, ndani yake nakala ya kitambulisho cha mwanawe na picha mbili za pasipoti. Kituo cha kwanza aliambiwa, "Mama, nenda nyumbani, atarudi." Cha pili hawakufungua hata kitabu. Kesho yake alirudi na imamu na watu wa mtaani kama kumi hivi, wakasimama pale kaunta mpaka ofisa akaandika, wakapewa namba ya OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi. Kijana bado hajaonekana. Ila wakili sasa ana cha kupeleka kwa jaji, na polisi hawawezi kusema hawakuambiwa.

Mama yule asingepaswa kwenda peke yake hata mara moja. Kwa hiyo nawaomba maimamu wetu: mtu akichukuliwa usiku, tangazeni jina lake baada ya Alfajiri, na wanaume wa saff ya kwanza waende kituoni na familia kabla ya adhuhuri. Wabunge na seneta wetu nao watwambie hadharani, kabla hawajaja kuomba kura, lini wataulizia ule mkataba wa Paris bungeni.